Mama kawa mjasiriamali, mnyonyaji kaenda wapi?

Mwezi uliopita mama alirudi kutoka semina ya kata amevaa tisheti nyeupe, mgongoni imeandikwa MJASIRIAMALI kwa herufi kubwa za bluu. Alikua amefurahi kweli, wamekula pilau, wamepewa soda na daftari, halafu kuna dada mmoja mwezeshaji kashika maikrofoni kawaambia kuanzia leo msijiite tena mama ntilie, nyie ni wajasiriamali, mnamiliki biashara zenu, hamna bosi. Mama kapika wali na maharage pale Tandika miaka 27. Katusomesha watatu kwa sufuria zilezile, nyingine zimeshazibwa matako mara nne kwa fundi. Nikamwambia hongera mama, na hongera yangu ilikua ya dhati kabisa maana nimemuona alivyokua anaiangalia ile tisheti, ila usiku usingizi ulichelewa, lile neno linanizunguka tu kichwani. Nimesoma sosholojia hapahapa Dar miaka mitatu, na kama kuna kitu kimenikaa mpaka leo ni kwamba mtu mwenye maikrofoni akikupa jina, uliza kwanza jina la zamani limeenda wapi.

Kwaiyo leo naongelea maneno. Ukitaka kujua watu wa mahali fulani wanawaza nini kuhusu tajiri na maskini sikiliza wanavyowaita, wala usihangaike na takwimu kwanza. Sisi tangu uhuru tumebadilisha haya maneno mara nyingi sana, na kila tukibadilisha kuna kitu tunaanza kukiona na kuna kingine tunakizika.

Babu yangu mzaa mama alikua kuli bandarini. Yeye alikua na maneno matatu, kabaila, bepari, mnyonyaji, na alikua anayatamka kama anataja watu wa mtaa wa pili aliowahi kugombana nao. Kabaila ana ardhi, anakaa kivulini wenzie wanalima. Bepari ana mtaji, ana kiwanda, ana nyumba za kupangisha. Na wote wawili ni wanyonyaji, ni kupe, dawa yao ni kukatiwa mirija. Nikiwa mdogo nilikua naona ni maneno ya redioni tu ya kizee, yani kama nyimbo za mchakamchaka.

Sasa liangalie vizuri neno mnyonyaji. Huwezi kuwa mnyonyaji peke yako. Tajiri unaweza kuwa tajiri ukiwa umejifungia chumbani, lakini mnyonyaji lazima awepo anaenyonywa, neno lenyewe linakuvutia mtu wa pili lipende lisipende. Karl Marx nzima, yule mwanafalsafa mjerumani wa karne ya 19, imo humo. Kitabu chake kikubwa cha mtaji kilitoka 1867 na wengi wanaomtaja wanadhani alikua analalamika kwamba matajiri ni wabaya na maskini wanaonewa, hapana jamani, alikua anauliza swali la kihasibu kabisa. Huyu hana kitu zaidi ya nguvu zake, anaenda kuziuza kwa siku nzima kwa yule mwenye mashine, katika siku hiyo kuna saa za mwanzo ambazo ameshazalisha thamani ya mshahara wake, zile saa zinazobaki anazalisha kwa ajili ya nani? Hiyo ndo thamani ya ziada. Na hakuna aliyeiba hapo! Mkataba umesainiwa, mshahara umelipwa tarehe 30, kila mtu kaenda kwake. Lekchara wetu mmoja alikua anatusumbua sana na hii, anasema mkiona bosi halipi mishahara huo ni wizi, nendeni polisi, mimi nawafundisha kuhusu bosi anaelipa.

Kwa Marx tabaka sio kiasi cha hela ulichonacho. Ni uhusiano wako na wengine kwenye uzalishaji, nani anamiliki na nani anafanya kazi. Hili likumbuke maana ndo kiini cha yote ninayosema hapa.

Azimio la Arusha, lile la TANU la 1967, limejengwa humo humo. Halmashauri Kuu ilikaa Arusha mwishoni mwa Januari, likatangazwa tarehe 5 Februari, kufumba na kufumbua benki zikawa za serikali. Njia kuu za uchumi zikawekwa mikononi mwa wakulima na wafanyakazi kupitia serikali yao. Na kiongozi akapewa masharti, asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni binafsi, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Nilisoma Azimio zima kwa mara ya kwanza nikiwa mwaka wa pili, nikakutana na sehemu ambayo hakuna mtu aliwahi kuniambia ipo. Linasema tukitaja unyonyaji huwa tunawaza mabepari tu, lakini baharini samaki ni wengi, mkubwa anamla mdogo na mdogo nae anamla aliye mdogo zaidi. Halafu linaonya kwamba tukikopa nje tukajenga hospitali na barabara mijini, deni linalipwa na pamba na katani na kahawa ya mkulima, kwaiyo tusipoangalia watu wa mjini ndo tutakua wanyonyaji wa watu wa kijijini. Hapo ni chama tawala kinaandika, sio mpinzani. Nilikaa na hiyo kurasa muda mrefu. Mimi mtoto wa Tandika niliyekua najihesabu kwenye upande wa wanaonyonywa, kumbe nami kuna aliye chini yangu analima mahindi Songea.

Mtaani lakini walikua wameshaenda mbele kidogo. Baada ya uhuru nafasi za wazungu serikalini zikawa zinapewa waafrika, kwa kiingereza ikaitwa Africanization, watu wakaikata wakapata naizesheni, na aliyefaidika nayo wakamuita naizi. Naizi! Jina zuri kuliko mengi niliyoyakuta kwenye vitabu vya nadharia. Naizi hana kiwanda, hana shamba la mkonge, ukimpima kwa mizani ya babu yangu sio kabaila wala bepari, ana ofisi tu. Lakini ana gari la serikali, kahamia Oysterbay kwenye nyumba aliyokua anakaa mzungu, na mkeo akiumwa unamtafuta yeye akupigie simu hospitali. Kama ni Benzi ndo anaitwa mbenzi, na hili la wabenzi tunashea na Wakenya.

Kuna mwaka mgongano juu ya hawa watu wa ofisi ulitoka nje kabisa. Oktoba 1966, tarehe 22, wanafunzi wa chuo kikuu Dar waliandamana mpaka Ikulu kupinga kulazimishwa kwenda jeshi la kujenga taifa na kukatwa sehemu kubwa ya mshahara. Kulikua na bango lililosema maana yake ni afadhali enzi za mkoloni. Nyerere alikasirika, akafukuza karibu wanafunzi 400, na hapohapo akaukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi mitatu baadae tunapata Azimio. Mimi naamini alichokiona siku ile ni tabaka jipya likiwa bado halijazaliwa vizuri, vijana ambao hawamiliki chochote, wametoka vijijini, wengine miguu peku, na tayari wanaona nchi inawadai kidogo mno wao wanaidai sana.

Ndo maana huwezi kukaa na Marx peke yake. Max Weber, mwanasosholojia mjerumani, kafariki 1920, yeye alisema hela ni ngazi moja tu. Kuna ngazi ya hadhi, yani watu wanakuheshimu kiasi gani, unaoa wapi, unakaribishwa kwa nani. Na kuna ngazi ya chama, yani nguvu ya kuamua kupitia makundi yaliyojipanga. Hizi tatu mara nyingi zinapanda pamoja ila sio lazima. Shehe wa mtaa wetu hana kitu lakini akiingia msibani kila mtu anasimama. Mfanyabiashara anaweza kuwa na hela chungu nzima na bado akamtetemekea afisa biashara wa halmashauri anaelipwa mshahara mdogo kuliko mauzo yake ya siku. Naizi alianzia kwenye ngazi ya tatu, ofisi, na kupitia ofisi akapanda zile mbili.

Issa Shivji, ambae baadae akawa profesa wa sheria, aliliandika hili mapema sana akiwa bado kijana pale chuo kikuu Mlimani. 1970 jarida la wanafunzi, Cheche, lilitoa toleo zima la makala yake kuhusu mapambano ya kitabaka ya kimyakimya Tanzania, akisema kutaifisha sio mwisho wa matabaka, anaweza kuondoka bepari na kuja mrasimu, mtu wa ofisini anaendesha mali ya umma kama yake na mfanyakazi kule chini habari yake ileile. Mwaka huohuo jarida likapigwa marufuku. Mwaka uliofuata TANU wenyewe wakatoa Mwongozo ambao unamkataza kiongozi majivuno na uonevu, na wafanyakazi wakaushika kama silaha, wakawa wanamgomea meneja wakimsomea Mwongozo usoni. 1973 pale Dar wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel waliingia wakakishika kiwanda wakakiendesha wenyewe. Babu alikua anaisimulia hiyo kama mtu anavyosimulia fainali ya Simba na Yanga. Kwingine waliofanya hivyohivyo walifukuzwa kazi, hiyo nayo aliisimulia ila kwa sauti ya chini.

Turudi kwenye maneno. Miaka ya themanini dukani hakuna sabuni, 1983 waziri mkuu Sokoine anakamata wahujumu uchumi na walanguzi, 1985 anaingia rais mpya, Mzee Mwinyi, mwaka unaofuata serikali inasaini na shirika la fedha la kimataifa, IMF, mitumba inaingia, kila kitu ruksa. Februari 1991 Zanzibar chama kikalegeza yale masharti ya uongozi, kiongozi sasa ruhusa hisa, ruhusa nyumba ya kupangisha. Na ukisikiliza mtaani kuanzia hapo mnyonyaji anaanza kupotea kwenye mazungumzo. Badala yake tunapata mlalahoi. Nalipenda hili neno na linaniuma. Mtu anaelala hoi, amechoka mpaka hana la kusema. Wakaongezea walalahai, hawa wanalala angalau wazima, na walalaheri wanaolala kwa raha zao. Matabaka matatu kwa kitenzi kimoja, kulala, hakuna profesa alietufundisha.

Ila ona kilichobadilika. Mlalahoi anakwambia hali ya mtu, hakwambii nani kamchosha. Ni ngazi, juu katikati chini, kama mizani ya kupimia watoto kliniki. Mnyonyaji na mnyonywaji ilikua kamba, ukivuta upande huu yule wa kule anatikisika. Walalahoi na walalaheri wamelala kila mtu kitanda chake, hakuna kamba katikati. Unaweza kumuonea mlalahoi huruma, unaweza kumchangia, ukampa semina, na hakuna swali lolote gumu utakaloulizwa. Wanyonge la Magufuli ni hivyohivyo, nililipenda kwa sababu kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu rais alikua anasimama anataja watu wa chini kwa sauti, na Desemba 2018 machinga wakapata vile vitambulisho vya elfu 20 ambavyo kwa mama yangu vilimaanisha mgambo wamemuacha apumue. Hilo silisahau. Lakini mnyonge nae ni mtu mmoja, asie na nguvu, nguvu zake zimeenda wapi neno halisemi. Kenya 2022 walipiga kura wakiitana hasla kwa upande mmoja na dainasti kwa upande mwingine, angalau wao walikua na pande mbili, ingawa hasla nae ni mtu anaesifiwa kwa kuhangaika.

Naomba niseme kuhusu shikamoo halafu ntarudi kwa mama.

Nilifanya kazi mwaka mmoja na nusu kwenye ofisi fulani kule Masaki, ghorofa ya vioo, mlangoni kuna mlinzi mzee, namkadiria miaka 60 na kitu. Siku ya kwanza nimefika na kigauni changu na begi la laptopu nikafungua mdomo nimuamkie, akaniwahi. Shikamoo bosi. Nilikua na miaka 25. Nilishikwa na aibu mpaka mikono ikawa baridi, nikamwambia mzee shikamoo wewe, akacheka akasema marhaba mwanangu, kesho yake tena, shikamoo bosi. Nikaja kugundua anawaamkia wote hivyo, hata vijana wa intanishipu wa miaka 21, na wengi wanaitikia marhaba huku wanaangalia simu. Umri ndo ulikua hadhi yetu kubwa sisi, hata tajiri anamuamkia mzee maskini, hii ni kanuni niliyolelewa nayo kwa viboko kabisa. Na pale getini ilikua imepinduka bila mtu yeyote kutoa amri. Hakuna tangazo ukutani. Yule mzee alikua anajua mkataba wake wa ulinzi unaweza kukatishwa kwa malalamiko ya mtu mmoja, basi ulimi ukajifunza.

Kwa hili Pierre Bourdieu ananisaidia kuliko wote. Mwanasosholojia mfaransa, baba yake alikua mfanyakazi wa posta kijijini kusini magharibi mwa Ufaransa, alipelekwa Algeria kama askari wakati wa vita akaishia kufanya utafiti huko. Alisema kuna mitaji mingine mbali na hela. Kuna mtaji wa watu unaowajua, sisi tunaita konekshen. Na kuna mtaji wa utamaduni, yani unavyoongea, unavyokaa, unavyoshika uma, vitu ambavyo vimeingia mwilini toka utotoni mpaka unadhani umezaliwa navyo, na shule inakuja inavipa cheti inasema huyu ana akili.

Nikisoma hayo nilikua naona shule yetu ya msingi ya kayumba, tumekaa chini kwenye sementi, tunafundishwa kila kitu kwa kiswahili miaka saba, halafu fomu wani Januari mwalimu anaingia anasema osmosis. Wote kimya. Hiyo ndo sera yetu toka enzi, msingi kiswahili sekondari kiingereza. Tume ya elimu ya Makweta 1982 ilipendekeza kiswahili kiende mpaka sekondari, serikali ikakataa, na kuanzia miaka ya tisini shule binafsi za ingilishi midiamu zikaota kila kona kwa wenye uwezo. Kwaiyo darasani kwetu fomu wani kulikua na watoto wawili waliotoka ingilishi midiamu wanajibu kila swali, na sisi wengine 70 tunawaangalia tunasema wale wana akili bana. Hatukusema baba zao wamelipa ada. Tulisema wana akili. Rafiki yangu niliyekua nakaa nae dawati moja, binti ambae darasa la saba alikua ananifundisha mimi hesabu, alinyamaza fomu wani hakuongea tena darasani mpaka akafeli fomu foo, na mpaka leo ukimuuliza anakwambia mimi shule haikua fungu langu. Mimi nilipona kwa sababu jirani yetu mmoja alikua mhudumu wa hoteli na anapenda kuongea kiingereza na sisi watoto, ni hivyo tu, bahati ya kupakana nyumba. Kila nikikumbuka yule binti hasira inanipanda upya. Bourdieu ana neno la hili, anasema ni ukatili ambao anaefanyiwa anashiriki kuukubali kwa sababu anautazama kwa macho ya aliyemzidi. Marx ananiambia nani anamiliki nini. Hakuniambia kwanini rafiki yangu anajilaumu.

Na hapo ndo tunamrudia mama na tisheti yake.

Steven Lukes, mwingereza, 1974 aliandika kijitabu kifupi kuhusu nguvu na mamlaka. Kabla yake kulikua na mjadala Marekani, Robert Dahl anasema ukitaka kujua nani ana nguvu angalia nani anashinda uamuzi ukifanyika, Bachrach na Baratz wakasema ngoja, aliye na nguvu kweli ni yule anaeamua jambo gani lisifike mezani kabisa. Lukes akaongeza ya tatu, kwamba nguvu kubwa kuliko zote ni kumfanya mtu asiwe hata na lalamiko, aione hali yake kama ndo ilivyo na pengine aifurahie. Pale kwenye ukumbi wa kata nani kapigwa? Hakuna. Nani kanyimwa kuongea? Mama anasema waliuliza maswali mengi tu. Kilichotokea ni kwamba wanawake 60 waliingia ni mama ntilie, jina ambalo lina watu wawili ndani yake, mama na yule kuli anaesema mama nitilie, wakatoka ni wajasiriamali, watu jasiri wa mali, kila mmoja na ujasiri wake. Ukifanikiwa ni ujasiri wako. Ukianguka? Mama siku hizi akikosa wateja anasema labda mimi sijui kutangaza biashara. Barabara imefungwa kwa ujenzi miezi minne, wateja watapita wapi, yeye anajilaumu hajui kutangaza.

Sisemi mama hana ujasiri, anaenijua anajua. Na sisemi semina ni mbaya, ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, 4 wanawake 4 vijana 2 wenye ulemavu, mkopo usio na riba, ikimfikia nitashangilia wa kwanza. Ninachokataa ni kuambiwa hana bosi. Mchele anachukua kwa mali kauli kwa mwenye duka ambae ndo anapanga bei. Kibanda kinasimama kwenye kiwanja cha mtu. Mkaa unapanda yeye haulizwi. Na mwaka juzi alikopa laki tano kwenye zile ofisi ndogo za mikopo za mtaani, marejesho kila wiki, jumatatu moja kachelewa wakaja kubeba friji mbele za watu.

Ile mikopo mtaani inaitwaje? Kausha damu.

Nilipolisikia mara ya kwanza nilisimama kabisa. Hakuna alietufundisha, hakuna chama kilichopitisha azimio, na wanawake wa sokoni wamelirudisha neno la babu yangu kwa mlango wao wenyewe. Damu ya mtu inaisha na kuna anaeimaliza. Kamba imerudi. Kwaiyo nikisikia watu wanasema watanzania hatuna mawazo ya kitabaka nawaambia nendeni Jumatatu asubuhi kwenye marejesho mkae kwenye benchi msikilize.

Sasa kuna jambo la mwisho ambalo limefanya niandike hii posti wiki hii na sio nyingine. Binamu yangu ni bodaboda. Alianza kwa mkataba, pikipiki ya mtu, anapeleka hesabu elfu 60 kila wiki kwa wiki 60, kadi inabaki kwa bosi mpaka amalize. Dukani ile pikipiki ilikua milioni mbili na laki sita, piga hesabu mwenyewe, yeye kalipa milioni tatu na laki sita, mafuta yake, sevisi yake, trafiki wake, na mguu aliovunjika Buza wiki sita hesabu ikiwa inaendelea kudaiwa ni wake pia. Tulikua tunakaa nae tunalaani yule bosi usiku kucha, na mimi nikimuelezea thamani ya ziada alinielewa haraka kuliko wenzangu wote wa chuo, akasema aah kumbe ile milioni moja ina jina.

Desemba alimaliza, kadi akapewa. Tukachinja kuku. Alivyokusanya tena kidogo akanunua ya pili, na ile ya kwanza akampa kijana mmoja katoka Mtwara, mgeni wa mji, anaelala kwa shemeji yake Mbagala. Elfu 60 kwa wiki, wiki 60. Nilimuuliza mbona pikipiki yenyewe kuukuu bei ileile, akaniambia dada, mimi nani alinihurumia, na nina mtoto anaanza chekechea ingilishi midiamu mwezi wa saba, ada unaijua? Naijua. Sikua na jibu, na nimetafuta kwenye madaftari yangu yote ya chuo.

Ijumaa nilikua nimekaa nae kijiweni kwao jioni, yule kijana akaja. Kashuka, kazima, kavua helmeti, katoa hela zimekunjwa kwenye mfuko wa nailoni, noti za elfu mbili mbili nyingi na chache za elfu tano. Umri wao haupishani hata miaka mitatu. Kampa kwa mikono miwili.

Shikamoo bosi, akasema, hii hapa, ila imepungua elfu nne.